Chungu cha Nyuma ya Nyumba

Watu wa kwetu wanaporudi kutoka Dar es Salaam au Unguja hupenda kusimulia chakula walichokula hotelini: samaki mzima aliyebanikwa na kupakwa tui la nazi, kamba wa kitunguu saumu, na wali unaonukia tangu mlangoni. Husimulia kana kwamba ni jambo lisilowezekana kufanyika nyumbani. Mimi ni mwalimu mstaafu, umri wangu umepita miaka 70, na nimezaliwa Mbulu, nchi ya milima na ng'ombe, mbali kabisa na bahari. Nimekipika chakula hicho kwa mikono yangu uani kwangu, kwa jiko la mkaa. Nathubutu kusema kwamba ni rahisi kuliko makande. Makande hukaa motoni nusu ya siku. Samaki hahitaji hata saa moja.

Lakini ili samaki huyo afike juu ya jiko langu, ilibidi historia ndefu ipite kwanza, na katika historia hiyo mimi mwenyewe nina deni. Ndiyo maana naandika.

Nilipokuwa mtoto katika miaka ya 1950, sikumwona mtu wa kwetu hata mmoja aliyekula samaki. Chakula chetu kilikuwa ugali, makande, mlenda, maziwa, na nyama siku ilipopatikana. Samaki hakutajwa kama chakula kibaya, hakutajwa kabisa. Ukimuuliza mzee sababu, mmoja angekuambia kwamba samaki ni jamaa wa nyoka, anateleza kama yeye na ana magamba kama yeye. Mwingine angekuuliza swali badala ya kukujibu: mtu mwenye ng'ombe ale samaki kwa nini?

Baadaye, kwa kusoma vitabu, nilielewa kwamba hatukuwa peke yetu. Wairaqw ni Wakushi kwa lugha, na jamaa zetu wa lugha wako kaskazini, hadi Ethiopia na Somalia. Wataalamu wa lugha wanaeleza kwamba Wakushi waliingia Afrika Mashariki miaka elfu kadhaa iliyopita wakiwa na mifugo yao. Majirani zetu Wadatoga, ambao Wabarbaig wa Hanang ni kundi lao kubwa, ni Waniloti, nao pia ni watu wa ng'ombe. Katika jamii nyingi za wafugaji, kuanzia Pembe ya Afrika hadi kwa Wamasai, samaki aliepukwa kwa vizazi vingi. Mwiko huo haukuwa ujinga, kama baadhi ya walimu wangu walivyotufundisha. Ulikuwa njia ya watu kujieleza wao ni nani. Aliyekunywa maziwa alikuwa mtu wa zizi. Aliyekula samaki alikuwa mtu mwingine, aliyepoteza ng'ombe wake au ambaye hakuwahi kuwa nao.

Wala si kwamba maji yalikosekana. Nchi yetu imezungukwa na maziwa. Upande wa mashariki liko Ziwa Manyara, magharibi Ziwa Eyasi, na chini ya Mlima Hanang liko Balangida, ambako watu huchota chumvi. Hayo ni maziwa ya magadi. Hata hivyo katika Manyara na Eyasi anaishi perege wa aina yake, anayestahimili maji ya chumvi na ambaye haonekani nje ya Tanzania. Kisha yako maziwa ya maji baridi, Babati na Basotu. Wazee wetu waliyanyweshea ng'ombe, wakawatazama viboko, wakarudi nyumbani na njaa yao.

Huku kwetu mambo yakiwa hivyo, watu wa pwani walikuwa wakiishi kwa samaki. Ibn Battuta, yule msafiri kutoka Morocco, alipita pwani yetu mwaka 1331. Aliandika kwamba chakula kikuu cha watu wa Mombasa kilikuwa ndizi na samaki. Kabla ya hapo, Mogadishu, alikuwa amekaribishwa wali uliopikwa kwa samli, ukifuatana na vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga. Basi hata chakula tunachokiita cha hotelini si kigeni. Ni chakula cha nyumbani cha watu wa mwambao. Mnazi na tangawizi vilivuka Bahari ya Hindi zamani sana. Nyanya na pilipili kali zilitoka Amerika, nazo hazingeweza kutufikia kabla ya Wareno kuanza safari zao katika bahari yetu mwaka 1498. Ukwaju ni wa Afrika. Kwa hiyo sahani moja ya samaki wa kupaka imekusanya mabara matatu. Kilichobaki kwa karne nyingi ni kuipandisha sahani hiyo mlimani.

Iliyoanza kuipandisha ni reli. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na tawi la kutoka Tabora likafika Mwanza mwaka 1928. Hapo dagaa waliokaushwa juani wakapata njia ya kusafiri mbali bila kuoza. Dagaa ni chakula cha safari: mwepesi, hahitaji barafu, na gunia moja hulisha watu wengi. Alitembea na vibarua, askari na makarani, akaingia katika masoko ya miji midogo. Huku Mbulu alifika mikononi mwa wageni, nasi tuliijua duka ya wageni kwa harufu yake.

Wamisionari wa Kikatoliki nao, walipofika mwanzoni mwa karne ya 20, walileta Ijumaa isiyo na nyama. Kwao Ulaya maana yake ilikuwa siku ya samaki. Waumini wa kwetu waliitii amri ile bila shida yoyote: waliacha nyama, wakala mlenda na maziwa. Kanisa lilibatiza watu wengi, lakini samaki hakupenya hata kwa mlango huo.

Mimi nilikutana naye Mwanza, mwaka 1969, nilipokwenda Chuo cha Ualimu Butimba. Siku ya kwanza niliweka sahani mbele yangu, nikaona jicho la sato likinitazama. Nilikula ugali kwa chumvi. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu mwenzangu, Msukuma, aliniambia kwa upole, "Ndugu yangu, ukimsubiri ng'ombe hapa utarudi kwenu umebebwa." Nilifumba macho nikamega. Sikuona nyoka, niliona chakula kizuri. Mpaka leo nakumbuka kwamba nilichokiona baada ya hapo kilikuwa hofu: nitamwambia nini mama yangu?

Sikumwambia kitu. Nilirudi likizo nikanyamaza, na kunyamaza huko ndiko kulikoanza deni langu.

Mwaka 1974 nilioa mwalimu mwenzangu, mzaliwa wa Pangani. Zama zile serikali ilimpeleka mwalimu popote nchini, na vijana wa mikoa mbalimbali walikutana katika vyumba vya walimu na kuoana. Jambo hilo lilijenga taifa kuliko hotuba nyingi. Mke wangu alikuja kwetu na sanduku moja la nguo, kikapu cha nazi, na mbuzi ya kukunia nazi. Juma la kwanza alimtuma mtoto wa jirani, "Nenda ndani uniletee mbuzi." Mtoto akaenda zizini, akamfungua mbuzi wa mama, akamleta akimburura kwa kamba. Tulicheka mpaka machozi, mama naye akacheka. Nilidhani mambo yatakuwa mepesi.

Hayakuwa. Ulikuwa mwaka wa njaa, mwaka wa mahindi ya njano kutoka ng'ambo ambayo watu waliyaita Yanga. Mke wangu alipata dagaa kwa mfanyabiashara mmoja, akawachambua, akawaosha, akawapika kwa tui katika sufuria ya nyumba. Mama aliingia jikoni, akasimama, akatoka bila neno. Jioni hiyo hakula. Kesho yake aliitoa sufuria ile nje na kuitenga, kwa sababu chombo kilichopikiwa samaki hakiwezi tena kuguswa na maziwa. Hakumtukana mke wangu wala hakugomba. Alikuwa mtu wa heshima, na heshima yake ilikuwa kali kuliko ugomvi.

Tangu siku hiyo mke wangu alipika samaki nyuma ya nyumba, juu ya mafiga matatu, mvua ikinyesha na jua likiwaka. Alikula huko huko, akaosha chombo chake huko huko, akakificha chini ya kichaka. Mimi nilikuwa ninakula ndani pamoja na mama. Nilikuwa na sababu nyingi: mama ni mzee, mila ni mila, ndoa bado changa. Zote zilikuwa kweli, na hakuna hata moja iliyokuwa sababu ya kweli. Sababu ya kweli ni kwamba niliogopa.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 nilifanywa mwalimu mkuu wa shule moja wilayani Hanang, si mbali na Ziwa Basotu. Ilikuwa baada ya mpango wa elimu ya msingi kwa wote wa mwaka 1977, na madarasa yalijaa. Pande zile mashamba makubwa ya ngano yalikuwa yametanda mpaka upeo wa macho, Wabarbaig wamepoteza sehemu kubwa ya malisho yao, na watoto wengi walikuja shuleni na njaa. Ziwani wavuvi wageni walikuwa wakitoa perege na kambale. Niliitisha mkutano wa wazazi, nikasimama mbele yao nikahutubia juu ya chakula bora, nikasema chungu cha shule kitakuwa na samaki. Mzee mmoja wa Kibarbaig, amejifunga shuka, aliinuka akauliza swali moja tu: "Mwalimu, mama yako anakula?"

Nilijibu kwa maneno marefu. Sikulijibu swali.

Usiku ule nilimsimulia mke wangu. Alikuwa akisahihisha madaftari kwa taa ya kandili. Hakuinua kichwa. "Mwalimu," alisema, "shuleni unawaambia watu samaki ni chakula. Hapa nyumbani unawaambia nini?" Nililala bila kumjibu yeye pia.

Huko shuleni watoto walianza kula, mmoja mmoja. Kwanza walikula watoto wa wafanyakazi wa mashamba, kisha marafiki zao, kisha ndugu wa marafiki zao. Hotuba yangu haikufanya kazi hiyo; iliyoifanya ni benchi moja, watoto wakikaa bega kwa bega na sahani mbele yao. Wengine walirudi nyumbani wakasukutua midomo kisimani kabla ya kumsalimu bibi. Niliwaelewa vizuri. Mimi nilikuwa mkubwa wao katika jambo hilo.

Nyumbani kwangu mambo yalikwisha mwaka 1984, mwaka mwingine wa ukame, nami sikuwa na sehemu yoyote katika kuyamaliza. Mtoto wetu wa tatu alikuwa ametoka kuugua surua, amebaki mifupa, na ng'ombe hawakuwa na maziwa. Mke wangu alisaga dagaa wakavu, akawachanganya katika uji, akamlisha kijiko kwa kijiko kule nyuma ya nyumba. Mama aliketi mlangoni akiwatazama. Siku kadhaa alikuja kutazama hivyo. Mtoto alipoanza kutembea tena, mama alikwenda mnadani, akarudi jioni na chungu kipya cha udongo kichwani. Alikiweka mbele ya mke wangu. "Mwanangu, hiki ni cha samaki wako. Kiweke ndani, mvua isikinyeshee."

Mama hakula samaki mpaka alipofariki mwaka 1996. Wala hatukumbembeleza ale. Mwiko wake aliushika mwenyewe, lakini mke wa mwanawe alimtoa mvuani. Nimefikiri sana tofauti ya mambo hayo mawili. Sisi wasomi tulidhani lazima mwiko uvunjwe ndipo watu wakae pamoja. Yeye, asiyejua kusoma, aliona kwamba nyumba moja yaweza kuwa na vyungu viwili.

Katika miaka hiyo samaki alianza kupanda mlimani kwa nguvu. Sangara, aliyepandikizwa katika Ziwa Viktoria katika miaka ya 1950 na 1960, aliongezeka ajabu katika miaka ya 1980, akawala furu wa asili, na aina nyingi zao zikatoweka. Viwanda vya minofu vilifunguliwa Mwanza. Minofu ilipelekwa Ulaya kwa ndege, na mifupa yenye kichwa, yaani mapanki, ikabaki kwa wananchi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 nchi za Ulaya zilizuia samaki wa ziwa hilo kwa vipindi, kwa hofu ya vimelea na sumu, baadaye zikafungua tena. Kisha ikaja simu ya mkononi, likaja jokofu, na lami ikapita Katesh kuunganisha Singida na Babati. Leo katika mkoa wetu wa Manyara, uliozaliwa mwaka 2002, vijana wa Kiiraqw na wa Kidatoga huagiza sato wa kukaanga mgahawani na kutafuna mpaka kichwa. Ukiwaambia kwamba bibi zao wasingekaa meza hiyo, hudhani unatunga.

Mwaka 2009 kijana wetu alipohitimu masomo Dar es Salaam alitupeleka hoteli moja ufukweni. Aliletwa changu wa kupaka, sahani imepambwa ndimu na majani. Bei yake ilinitoa jasho. Mke wangu alionja, akaweka uma chini, akacheka taratibu. "Hiki ndicho nilichokuwa ninapika nyuma ya nyumba yenu," alisema. Hapo ndipo niliposema neno nililopaswa kulisema miaka 35 iliyotangulia. Nilimwomba radhi. Alinijibu, "Radhi nimeisikia. Sasa ujifunze kupika."

Nimejifunza. Miguu yake siku hizi haimruhusu kuinama jikoni, hivyo yeye hukaa kitini na kuamuru. Kijana hununua changu na kamba soko la Feri, huwafunga katika boksi lenye barafu na kuwapakia katika basi la usiku. Wakikosekana, perege wa Basotu hutosha kabisa, wala asikudanganye mtu kwamba haifai.

Changu mmoja wa kiasi cha kilo huwatosha watu watatu. Ninampaa magamba, ninatoa matumbo na matamvua, ninamchanja mara tatu kila ubavu. Ninasaga kitunguu saumu, tangawizi, pilipili na chumvi, ninakamulia ndimu, ninampaka mpaka ndani ya michanjo, kisha ninamwacha nusu saa. Wakati huo ninakuna nazi mbili na kukamua tui zito. Tui linakwenda katika chungu pamoja na bizari ya manjano, tangawizi kidogo na maji ya ukwaju, juu ya moto wa wastani. Hapa ndipo wengi huharibu: tui halitaki kuachwa peke yake. Koroga bila kupumzika mpaka lishike mwiko, la sivyo litakatika, mafuta yaende huku na maji kule. Samaki ninambanika juu ya mkaa uliokwisha toa moshi, dakika kama nane kila upande kwa kutegemea unene wake, kisha ninampaka tui, ninamgeuza, ninampaka tena, mpaka agande rangi ya dhahabu.

Kamba ni wepesi zaidi. Wamenywe, watolewe ule mshipa mweusi wa mgongoni, waingie katika siagi au samli yenye kitunguu saumu. Wakibadilika rangi na kujikunja, dakika tatu au nne, watolewe. Ukiwazidishia moto utatafuna mpira. Wali wa nazi uanze mapema, kwani Mbulu iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kabla ya kufikia nyuzi 95, na mchele huchelewa kuiva. Mke wangu alinilaumu miaka mingi kwamba mchele wa Mbulu una kichwa kigumu. Kumbe ni mlima.

Jumamosi moja hivi karibuni wajukuu walikuwa wamejaa nyumbani. Nilipika yote hayo. Tui nilichemshia katika chungu kile cha mama, ambacho sasa ni cheusi na kimepasuka kidogo mdomoni lakini hakivuji. Tulikula ndani, sote, mezani. Mke wangu alimega ubavu wa changu, akatafuna polepole, watoto wakimtazama kama watahiniwa wanaosubiri matokeo.

"Chumvi imepungua," alisema. Kisha akaivuta sahani karibu yake.

Baada ya chakula niliosha chungu kwa mkono wangu, nikakikausha, nikakirudisha rafuni, ndani ya nyumba.